Siku Ambayo Lori Haliji

Kuna siku moja, mwanangu Kiprono, ambayo kila nikiikumbuka damu inanichemka, na jana ilinichemka upya. Ulimpigia mke wako simu saa sita mchana, ukasikia ametoka usingizini, ukaanza kumfokea. Eti amekuwa mvivu. Nilikuwa hapo kando nikipepeta maharagwe, nikasikia kila neno. Sasa kaa chini huko Nairobi uliko, usikate simu, zamu ya kusema ni yangu.

Nilikuwa nimeolewa hapa Ndanai juzijuzi tu. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri na majani chai yalikuwa yanatoka kwa fujo. Kazi hiyo unaijua, usijifanye umeisahau kwa sababu siku hizi unakaa Nairobi. Alfajiri uko shambani, umejifunga nailoni kiunoni, umande umekulowesha mpaka magotini na kikapu kinazidi kukuvuta mabega. Mchana unabeba majani hadi kituoni, unasimama kwenye foleni kungoja lori la kiwanda. Lakini lori halikuwa likija kila siku. Siku ambayo haliji, hatuchumi. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu.

Na nilijua kuila siku hiyo! Siku hii ninayokuambia nilioga maji moto asubuhi, polepole, bila mtu wa kuniita. Nikatengeneza chai ya maziwa matupu, nikatandika gunia juani nyuma ya jikoni, nikanyoosha miguu. Sikufanya lolote. Nilitazama kuku wakichakura, nikasikiliza redio ya jirani, nikahisi vidole vyangu vinalegea kimoja kimoja. Hata sasa naweza kukuambia jua lilivyokuwa tamu mgongoni.

Basi akatokea ami yako, kaka ya baba yako. Yeye alihamia Londiani kulima viazi kabla hatujapanda chai hapa, na alikuwa amekuja kutusalimia. Bibi yako, mama yake baba yako, alikuwa ameenda mkutano wa akina mama kanisani, na baba yako alikuwa Sotik. Akanikuta hapo na kikombe changu.

"Shemeji, unakaa tu hivi? Na majani imejaa kwa shamba?"

"Lori haikuji leo," nikamwambia.

"Si itakuja kesho? Chuma leo, kesho ukuwe mbele. Ama kaka yangu alioa mgeni?"

Mgeni! Nilikuwa bibi harusi, mwanangu, ningemjibu nini? Akachukua kikapu akanirushia. Akasimama kwenye mpaka wa shamba mikono mfukoni, akiwaeleza wapita njia kwa sauti jinsi anavyofunza wake wa siku hizi kazi. Nilichuma mpaka jioni nikilia, na si huzuni iliyoniliza, ni hasira. Yeye ndiye aliyeshindilia majani kwenye magunia, akayafunga kamba vizuri kabisa, kama viazi vyake.

Viazi vinangoja kwenye gunia. Majani chai yakilala humo yanapata joto na kuungua. Nilimwambia, akasema natafuta kisingizio.

Kesho yake mchana kule kituoni karani alifungua gunia la kwanza, mvuke ukampiga usoni. Majani yalikuwa mekundu, yananuka. Akakataa yote. Tukayarudisha nyumbani tukayamwaga kwenye manyasi ya ng'ombe, na ami yako akaanza kusema mimi ndiye nilichuma vibaya. Mbele ya watu!

Hapo ndipo bibi yako alipoweka chini kibuyu chake cha maziwa ya mursik. Mama yule hakuwa mtu wa kelele, lakini siku hiyo alisimama mbele ya mtoto wake mzima mwenye ndevu.

"Majani umeharibu, hiyo itaota ingine," alisema. "Lakini siku ya huyu msichana wa watu pia umeharibu. Hiyo utaitoa wapi umrudishie? Sema, nangoja."

Ami yako akashika njia ya Londiani. Mpaka leo siku hiyo hajairudisha.

Lori lilipokosa kuja tena, bibi yako alichukua kigoda akaketi langoni. Kila aliyekuja kuniita alimjibu, "Leo hapa hakuna mtu wa kutumwa." Nami nikalala ndani mpaka jua likazunguka nyumba.

Sasa wewe, niliyekuzaa katika nyumba hiyo hiyo, unamfokea mkeo Chebet kwa sababu alilala siku ambayo lori haliji! Umechuma naye tangu mvua ianze? Umeona vidole vyake vilivyopasuka? Nimekasirika, Kiprono, na sitajifanya sijakasirika.

Nasaha yangu ni hii. Mtu akipumzika baada ya kazi, mwache. Usimwulize anafanya nini, usimtafutie kazi ya kesho aifanye leo. Na wewe pia, siku yako ya kupumzika ikifika, izime hiyo simu ulale, maana nasikia wakubwa wako wanakupigia hata Jumapili. Labda hasira ya hao wakubwa ndiyo unayomletea mke wako.

Usimpigie leo. Simu yake iko kwenye mfuko wa aproni yangu, leo pia lori haliji, yeye amelala, na mimi niko langoni na kigoda.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, aipe kazi ya kuitosha. Na siku utakapochoka, akupe mtu wa kukukalia langoni.