Vistari vya Mama Dorina

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa wa Vipimo alinipeleka mtoni Nyamasaria akanionyesha rula ndefu ya chuma iliyosimamishwa ndani ya maji. Tuliiita geji. Kila siku saa tatu asubuhi msomaji huteremka hadi karibu nayo, huangalia maji yamegusa namba gani, huandika kitabuni. Ndiyo kazi yote. "Kijana, hulipwi ujue maji," afisa aliniambia. "Unalipwa uende uyaone." Nilicheka kimoyomoyo. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na kazi ya kutazama maji niliiona ndogo mno kwangu.

Kiangazi sikukosa hata siku moja. Mvua zilipoanza, ule udongo mweusi unaokamata kiatu na kukataa kukirudisha ulinishinda. Asubuhi moja nilibaki kwenye kibanda cha chai, nikatazama namba ya jana, nikaongeza kidogo, nikaandika. Hakuna aliyeuliza. Tangu hapo kila mvua kubwa iliponyesha nilipika namba kwenye benchi lile lile. Kwa kuwa niliogopa kuandika namba ya kushtua, mto wangu wa kitabuni haukupanda sana hata mara moja. Jumapili nilisoma neno kanisani kwa sauti nzuri.

Baadaye nilihamishiwa Port Victoria kusoma geji ya ziwa. Mkuu wa Kituo wa huko alichukia kuchelewa kuliko alivyochukia uongo, kwa hiyo tulipatana. Niliporudi Nyamasaria nilirudishiwa geji yangu na kuongezewa ukaguzi wa vitabu vya wasomaji wengine. Ndipo nilipomjua Mama Dorina.

Alisoma mto mmoja upande wa Katito. Shule aliachia darasa la nne. Kitabu chake kilinikera: kilikuwa na matope, na kila baada ya kurasa chache palikuwa na kistari mahali pa namba, na maneno pembeni. "Sikufika, mtoto mgonjwa." "Maji imefunika geji, sikuona."

"Mama, hivi vistari vinaharibu kitabu," nilimwambia. "Si ungeandika tu namba inakaribia?"

"Sasa nitaandika aje na sijaona?"

"Na nani atajua?"

"Mimi huomba hapo juu kwa mawe kabla nishuke. Nikidanganya leo, kesho nitaomba niseme nini?"

Nilimwandikia barua ya onyo. Kisha nikamwonyesha kitabu changu, safi, kisicho na pengo, kiwe mfano kwake. Naona haya hata kuiandika sentensi hiyo.

Miaka mingi baadaye matuta ya kuzuia mafuriko yalipojengwa, wahandisi waliamua urefu wa kila tuta kwa kufuata vitabu vyetu. La upande wa Mama Dorina lilipanda juu, kwa sababu mvua zote kubwa alizifuata mtoni, karatasi ya nailoni kichwani, na pale geji ilipozama alisema imezama. La kwetu lilitosha mto wa kitabuni. Mto wa kweli ulipofura ulilipita alasiri moja tukitazama. Jirani yangu mjane, tunayeimba naye kwaya, alipoteza nyumba na cherehani iliyokuwa ikiwalisha watoto wake. Huko Katito maji yalifika karibu na ukingo wa tuta, yakaishia hapo. Zahanati yao ipo hadi leo.

Mhandisi Mkuu, mwanamke mdogo kuliko binti yangu, alikuja ofisini na vitabu viwili.

"Mzee, hii kitabu yako haina kistari hata moja. Miaka hiyo yote hukuwahi kugonjeka?"

"Mungu amenijalia afya," nikasema.

Hivyo ndivyo nilivyomtumia Mungu.

Alikifunga polepole. "Hii ya Mama Dorina tulisomea chuo. Mwalimu alikuwa anatuambia tuamini namba zake kwa sababu ya hizo vistari." Alijua, na nilijua kwamba anajua.

Nilistaafu mwaka uliofuata, nikapewa cheti cha kutokosa kazini hata siku moja. Mke wangu alikitundika sebuleni. Yule mjane alikuja kunipongeza, akapiga makofi kuliko wote. Sijawahi kusikia makofi mazito namna ile.

Majuzi mchungaji aliniomba nitoe ushuhuda juu ya uaminifu kazini. Nilimwambia nitautoa, lakini si ule anaoutarajia, na nikamwomba mjane akae kiti cha mbele. Kabla ya Jumapili hiyo nilikwenda Katito nimweleze kwanza Mama Dorina. Nilimkuta mtoni. Amestaafu, lakini msomaji mpya hajaletwa, na yeye bado anashuka. Nilimwambia yote, na nikamwomba msamaha kwa ile barua.

Hakunigombeza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua kitabu.

"Macho yangu imechoka, Baba. Nisomee ya leo."

Mvua ilikuwa imenyesha, ukingo ulikuwa tope tupu. Nilisimama pale juu kwenye mawe, nikakaza macho. "Mita moja na nusu," nikasema.

Penseli yake haikugusa karatasi.

"Umeona, ama umefikiria?"

Nilikuwa nimefikiria. Nikavua viatu, nikashuka.