Nilipopanda Uzio wa Depo ya Dhahabu

Waya unajuaje kutofautisha mbuzi na mtu? Niliuliza kila mtu kwenye depo ya dhahabu, hapa Bunia, ambako nilibakiza siku mbili za majaribio nipewe mkataba. Papa Ukumu, mlinzi wa mlangoni, alicheka: "Binti ya iniversite, weye utauliza mpaka Mungu achoke."

Waya huo ulizunguka uzio mzima, na walisema unasikia mwizi. Asubuhi moja nikaona mbuzi wa jirani akijikuna mgongo kwenye uzio, kwa raha zake. King'ora kimya.

"Papa, unaona? Ni wongo mutupu!"

"Acha, mama. Utajiletea mambo."

Msomi mimi, nikauegemea uzio nikavua viatu, nikapanda hatua tatu. Kimya. Nikampungia Papa Ukumu mkono kama mshindi.

Nilipogeuka, walinzi wanne walikuwa chini yangu, pamoja na mkuu wao, chef wa usalama.

"Mademoiselle, shuka polepole."

Alinionyesha skrini yake. Hatua zangu zote tatu zilikuwemo, hata pale nilipouegemea uzio kuvua viatu.

"Ile mbuzi tunaijua, iko inajikuna kila siku. Weye ulipanda. Na king'ora hakilie, juu siye tunataka kukamata mwizi, hatutaki kumukimbiza."

Mkataba sikuupata. Mwaka uliofuata ndipo fundi mmoja aliponieleza kwamba ndani ya waya ule hamna umeme hata kidogo. Mna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, na kilichonihisi nikiutikisa uzio kilikuwa mwanga uliopita ndani yake.