Mshono Ndani ya Kaboni

Jirani yangu kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, mama mshonaji aliyetoka Bukavu, alitembelea mguu wa bandia wenye bamba jeusi la nyuzi za kaboni kwenye wayo. Ulikuwa wa msaada, umeshatumika. Bamba lilianza kuachana kisiginoni, tabaka kwa tabaka, kama kitabu kilicholowa. Likiachana lote, asingewafikia wateja wake wala kukanyaga cherehani.

Mimi nilikuwa nafagia karakana ya miguu ya bandia Lilongwe, na saa ya chakula nilisoma vijitabu vyake. Nilishaelewa kwamba nyuzi hubeba uzito, lakini kati ya tabaka na tabaka kuna gundi tupu, na ufa hupita hapo. Nilimpeleka mama huko, na fundi mkuu akatupatia vipande vya kitambaa cha kaboni tujaribu kuvishona pamoja kabla ya kutia gundi.

Kwa kutaka uhakika, nilidai mama atumie uzi mnene, mishono ya karibu karibu, na akaze.

“Papa, unafunga mbuzi?” mama aliuliza kwa Kiswahili cha kwao Bukavu. “Sindano njo itaua hii kitambaa.”

Nikashikilia. Gundi ilipokauka, nilichomeka patasi ukingoni: tabaka hazikuachana hata kidogo. Nikafurahi. Tulipokikunja kipande, kikakatika chote, sawasawa kwenye mstari wa mshono.

Mama alikigeuza kwenye mwanga. Akanionyesha nyuzi zilizokatwa na sindano, na zile zilizosukumwa kando na uzi wangu mnene.

“We umeshona matundu, papa,” akasema, akacheka hadi fundi mkuu akatoka ofisini.

Cha pili alishona apendavyo: uzi mwembamba, mistari iliyoachana upana wa kidole, sindano ikipita kati ya nyuzi, mvuto mdogo tu, kama anavyoshikiza kola ya koti. Safari hii patasi ilifungua ufa. Nikakata tamaa. Lakini ulipofika mstari wa kwanza ukasimama, na ndani yake niliona nyuzi za mshono zimenyooka, zimeshika juu na chini. Tukakikunja, hakikukatika. Vijitabu vyangu havikuwa na jambo hilo. Mikono yake ilikuwa nalo.

Fundi mkuu alitengeneza bamba jipya kwa mshono wa mama. Mama alikanyaga kwa kisigino kipya mara tatu, kwa nguvu.

“Twende nyumbani, basi ya Lumbadzi itatuacha.”

Nilimfuata nyuma, nikitega sikio kwenye kisigino. Nilisikia changarawe tu, na yeye akiniambia niongeze mwendo.