Bibi wa Bonga na Wakili wa Nakuru

Joho langu la uwakili linaishia Namanga. Hapa Babati naweza kusimama mahakamani nikabishana mpaka karani aombe maji, lakini nikivuka ule mpaka mimi ni mama mmoja tu mwenye mkoba. Wateja wengi hawalielewi hilo. Wanadhani sheria ni kama Injili, kwamba ukishaijua unaihubiri popote. Basi akinijia mtu ambaye shida yake iko Kenya, ninachoweza kumfanyia ni kumpeleka kwa mwenzangu wa huko. Na yeye akipata Mkenya aliyekwama huku kwetu, ananiletea mimi.

Mwenzangu huyo ni wakili wa Nakuru. Tulikutana Arusha kwenye mkutano wa mawakili, siku ambayo mtoa mada alizungumza mpaka chai ikapoa. Tulijikuta meza moja, nyuma kabisa, wote wawili tukisinzia. Kadi nyingine zote nilizopewa siku ile nimezipoteza, ya kwake ikabaki kwa sababu aliniandikia wiki hiyohiyo. Alikuwa na mteja dereva wa lori ambaye gari lake lilishikiliwa huku kwetu baada ya ajali. Nilimhangaikia yule dereva kama shemeji yangu. Kazi yetu ndivyo ilivyo: mteja uliyeletewa humchezei, maana nyuma yake umesimama uso wa mwenzako. Tangu hapo tumekuwa tukipeana watu, na niseme kweli, katika kazi zangu zote hii ndiyo ninayoipenda zaidi. Kugombania mipaka ya mashamba kunanipandisha presha. Kumshika mtu mkono na kumpeleka kwa mtu mwema kunanipa usingizi mzuri.

Mimi si mzaliwa wa hapa. Nilitoka Moshi nikisema nakaa Babati miaka miwili, nijifunze kazi, kisha nitafute mji wenye majengo marefu. Sasa nina nyumba Bagara, nina migomba na mbwa mkali, na anayenizungumzia habari za kuhama namwona mchokozi.

Yule bibi wa Bonga, kijiji cha jirani, alikuja ofisini asubuhi moja ya msimu wa mbaazi. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani, na sweta lililofungwa vifungo vyote.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Watoto hawajambo? Na wazee wa nyumbani?"

Tulimaliza watoto, wazee, mvua na mifugo ambayo sina. Nilishajifunza kutoharakisha, ingawa kwa tabia yangu ni mateso. Mwisho akanieleza kilichomleta. Alikuwa na binti, mzaliwa wake wa kwanza, yule ambaye Bonga nzima inamwita bibi huyu kwa jina lake mpaka leo. Binti alikwenda Nakuru kufanya kazi ya saluni, akazaa mtoto wa kike hukohuko. Baba wa mtoto hakuonekana. Mwaka uliopita binti akaugua, akafariki. Mwili uliletwa Bonga ukazikwa, lakini mtoto hakuweza kuvuka kwa kuwa hakuwa na karatasi, na mazishi hayakuweza kumsubiri. Amebaki na mama mwenye saluni, aliyekuwa rafiki wa marehemu. Ana miaka saba.

"Namtaka mjukuu wangu," akasema bibi. "Nyumba imekuwa kubwa."

Nilimwandikia wakili wa Nakuru siku hiyohiyo, kila kitu nikakieleza, na nikampa namba ya simu ya bibi. Yeye ni mtu makini. Hachukui maelekezo kwa mdomo wa mtu wa tatu, anataka kuyasikia kwa mteja mwenyewe, na ndivyo tulivyofundishwa sote. Akaenda kumwona mama mwenye saluni, akamkuta ni mtu mwema, anampenda mtoto, na ana ombi lake: mtoto akae naye mpaka amalize shule ya msingi, ndipo aende kwa bibi. Wakili akampigia bibi simu Bonga kumfikishia ombi hilo. Jioni akanipigia mimi.

"Wakili, mteja wako ni mpole sana. Tumeongea, ako sawa kabisa. Mtoto atamalizia shule huku. Naandaa makubaliano, Jumatatu nayapeleka kortini."

Nilishangaa, lakini nikajiambia bibi kafikiri, kaona shule za Nakuru ni nzuri. Nikaendelea na kazi zangu.

Alhamisi bibi akatokea, na safari hii hakuja peke yake. Alikuja na jirani yake, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya. Tukasalimiana mpaka tukamaliza ukoo. Kisha bibi akageuka akatazama dirishani kana kwamba yanayosemwa hayamhusu, na jirani akakohoa.

"Mwenzangu amenituma," akasema jirani, ingawa mwenzake alikuwa amekaa hapohapo, magoti yao yanagusana. "Anasema lile neno la simu, hajalikubali."

"Neno lipi?"

"La mtoto kubaki. Hataki. Anamtaka mtoto."

Hapo hasira zangu za Kichaga zikapanda. Nikamgeukia bibi mwenyewe. "Mama, mbona ulimwambia wakili sawa?"

Bibi alinitazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtoto aliyeuliza kwa nini tunavaa nguo.

"Alinisalimia vizuri, mwanangu. Akaniuliza hali. Akaniambia amekwenda mwenyewe mpaka kwa mjukuu wangu. Sasa mtu kama huyo, simjui, ananihangaikia, nimrushie hapana usoni?"

Miaka yote niliyokaa Babati nimeliona jambo hili. Mtu mzima hapa hamkatalii mgeni ana kwa ana. Anaitikia, anashukuru, anakwenda nyumbani, kisha anamtuma mtu alete jibu. Hata mimi, nilipoomba kununua kipande cha shamba Nangara, mwenye shamba alinikaribisha kwa maziwa na kuniambia tutaona, halafu mdogo wake akanifuata barabarani kunijulisha kwamba shamba haliuzwi. Hakuna uongo ndani yake. Kila mtu anajua kwamba jibu lenyewe bado liko njiani. Ila Nakuru hawakujua, na makubaliano yalikuwa yanapigwa chapa.

Nilimpigia mwenzangu wakiwa hapohapo.

"Lakini si nilimuuliza mimi mwenyewe?" akalalamika. "Alisema sawa mara tatu!"

"Zote tatu zilikuwa salamu," nikamwambia, nikamweleza.

Akaguna. Sikujua kama ananicheka au anajuta. "Nimekuelewa. Makubaliano nayatoa. Lakini sasa itabidi hakimu aamue, na hakimu atamuuliza yeye mwenyewe kwa video. Kortini je, naye atatuma mtu?"

Hili halikuwa suala la shamba. Asipoweza kulisema neno lile kwa mdomo wake, mbele ya watu asiowajua, mtoto angebaki.

Basi nikaamua kumfundisha. Nikajifanya hakimu, nikakunja uso. "Bibi, unaonaje mtoto akibaki Nakuru?"

"Kama mheshimiwa ameona hivyo…"

"Mama! Sema hapana!"

"Hapana," akasema, kisha haraka, "nisamehe."

Tulirudia. Kila mara alikubali, au alikataa na kuomba radhi palepale, na jirani akawa anamjibia kwa nguvu kutoka pembeni. Nilipiga meza. Bibi akaniuliza kama nimekula asubuhi. Nikacheka, nifanye nini, lakini usiku ule nililala vibaya. Niliogopa kwamba tutampoteza mtoto kwa sababu ya adabu.

Mwenzangu wa Nakuru ndiye aliyetupatia njia. "Usimfundishe," akaniambia kwa simu. "Mimi sitamuuliza maswali ya ndiyo na hapana. Nitamwacha aongee. Lile swali moja la mwisho, la hakimu, tumwachie Mungu."

Siku ya shauri tukakaa watatu ofisini kwangu mbele ya kompyuta, bibi katikati na rozari mkononi. Kwenye kioo akaonekana hakimu, mwanamke mwenye miwani, na mama mwenye saluni amekaa wima pembeni ya mwenzangu. Wakili akaanza, "Shikamoo bibi." Hilo nilimwelekeza mimi, huko kwao hawalitumii sana. Bibi akachangamka.

"Mtoto akija, atalala wapi?"

Akaeleza. Kitanda kilichokuwa cha mama yake, chandarua kipya, dirisha linalotazama zizi la mbuzi. Shule iko ng'ambo ya barabara ya Dodoma, yenye malori. Atamvusha mwenyewe asubuhi na mchana, maana hamwamini dereva yeyote duniani. Atakula makande, na kama makande hayapendi atakula wali mpaka ayazoee. "Na mama yake yuko pale nyuma ya nyumba," akamalizia. "Nimepapanda maua. Mtoto hajamwona bado."

Hakimu alivua miwani, akaivaa tena. "Bibi, mama huyu hapa anaomba akae na mtoto mpaka amalize shule ya msingi. Wewe unasemaje?"

Jirani akafungua mdomo, nikamkamata mkono. Bibi alitazama ile rozari, akatazama kioo. Nilimwona akimtafuta yule mama mwenye saluni kwa macho.

"Amemlisha mtoto wangu," akasema. "Amemsuka nywele. Mtoto akilia, ni yeye amelala naye. Akiniomba ng'ombe nitampa. Akiniomba shamba nitampa." Akasimama, akatoka nusu kwenye picha, tukawa tunaona sweta tu. "Mtoto, hapana. Mheshimiwa, mtoto hapana."

Akakaa, akajifunika uso kwa kitenge. Mimi nimesimamia kesi nyingi na nimewasikia mawakili wenye sauti nzito, lakini moyo wangu haujawahi kujaa fahari kama siku ile.

Kumbe upande wa pili mama mwenye saluni alikuwa analia. Aliomba ruhusa ya kusema. "Mheshimiwa, mimi nilidhani hamtaki. Niliambiwa amekubali haraka hivyo, nikasema basi, huyu mtoto hana mtu. Nilimwambia hata mtoto mwenyewe kwamba bibi amekubali abaki; makubaliano yalipotolewa nikadhani ni mambo ya mawakili tu. Kama anamtaka, ni wake."

Haikuisha siku ile. Afisa ustawi wa jamii alikwenda Bonga akakagua kitanda, afisa wa watoto wa Nakuru akaandika ya kwake, na mimi na mwenzangu tukasukumana kwa simu mpaka tukazoeana kama ndugu wanaogombana. Hatimaye amri ikatoka na karatasi za kusafiria zikapatikana. Tukakubaliana kukutana Namanga.

Tuliondoka Babati alfajiri kwa gari langu, bibi amepakata dumu la mafuta ya alizeti aliyoyakamua kwa ajili ya mama mwenye saluni. Njia nzima hakulitua, hata niliposimama Makuyuni kunywa chai. Namanga, baada ya madirisha ya uhamiaji, nikamwona mwenzangu ana kwa ana kwa mara ya pili maishani. Ameongezeka kitambi, nami nikamwambia hivyo. Akaniambia mimi nimeongezeka maneno. Pembeni yake alisimama mama mwenye saluni, amemshika mkono mtoto mwembamba aliyesukwa nywele mpya, zimevutwa mpaka macho yamepanda.

Wanawake wale wawili walikumbatiana muda mrefu, dumu katikati yao. Hawakusema mengi. Mama mwenye saluni akainama, akamnyoosha mtoto kola ya sweta, akamsukuma mbele taratibu.

Mtoto akasimama mbele ya bibi, akamtazama kuanzia viatu mpaka kilemba.

"Ni wewe ulimzaa mama?"

"Ni mimi."

"Mbona ulikawia?"

Mimi na mwenzangu tukatazamana. Sisi ndio tuliokuwa na jibu: karatasi, maafisa, mahakama, nchi mbili, na sawa tatu za kwenye simu. Nilikwisha fungua mdomo nimweleze. Lakini bibi hakututazama. Alichuchumaa palepale kwenye vumbi na viatu vyake vya kanisani, mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Nilikuwa nakuja," akamwambia. "Siku zote hizo nilikuwa nakuja."

Mtoto alifikiri kidogo. Kisha akavua begi lake la shule mgongoni, akampa bibi ambebee.