Tai Aliyekaa Gereji Kwetu

Mke wangu Ndeshi anaongoza watalii Ngorongoro, na kubishana naye juu ya ndege ni kujitafutia aibu. Mimi ni fundi gereji hapa Karatu, nimeshajifunza kunyamaza. Lakini mwaka huu, jamani, alinishangaza.

Desemba iliyopita alimkuta tai amenasa kwenye seng'enge, bawa limechanika. Vedasto, bwana wa wanyamapori, akamruhusu amuuguze, na mgonjwa akalazwa stoo yangu ya matairi. Ndeshi akatangaza, "Huyu ni tai wa hapa hapa, hana safari. Tutamwachilia Juni, bawa likiwa imara." Vedasto akaafiki. Basi kila siku tai anakula nyama, mwenye gereji anakula maharage!

Mwezi wa tatu, akiwa anamlisha, nikasikia, "Mungu wangu! Baba Angel, njoo!" Akanionyesha ukingo wa njano wa mdomo, unaopita chini ya jicho. Kwa tai wa hapa huishia usawa wa katikati ya jicho. Wa huyu ulifika mpaka nyuma ya jicho.

"Muda wote nilikuwa naangalia bawa tu," akasema. "Wanafanana kwa sababu ni ndugu, babu yao mmoja. Hata vitabu vya zamani viliwahesabu aina moja. Ila ukoo mmoja ulibaki Afrika, na huu mwingine huzaliana kwenye nyika za Asia, huku huja kukimbia baridi. Wenzake wanaondoka sasa hivi! Tukingoja Juni, ataachwa peke yake."

Mwingine angejikausha. Nani angejua? Yeye akampigia Vedasto pale pale: "Kaka, nilikosea. Nilikosea kabisa." Mwanamke anayefundisha waongozaji wenzake! Nilimpenda upya, sifichi.

Daktari wa mifugo akalipima bawa, akasema linaweza kubeba, ila haahidi kitu. Kesho yake tukapanda kilima juu ya Ganako. Angani tai wachache walikuwa wanazunguka, wanasogea kaskazini. Ndeshi akafungua boksi. Ndege akaruka, akayumba, akaangukia kwenye shamba la mbaazi. Wee! Ndeshi akashika kichwa. Tai akajikung'uta, akaruka tena, safari hii akapanda, akapanda, akawafikia wenzake.

"Wetu ni yupi?" nikauliza.

Ndeshi alikuwa analia na kucheka. "Sijui, Baba Angel," akasema. "Asante Mungu, sijui."