Siku Mama Alipokuwa Hajatoka Msituni

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyojifanya nimeelewa, nusura tumzike mama yangu.

Mama alikuwa amelazwa Meru baada ya kumzaa kitinda mimba wetu, damu haikatiki. Tulitoka Ruiri watatu: baba, baba mdogo na mimi, msichana wa kidato cha nne. Mimi ndiye niliyekuwa Kiingereza cha nyumba. Barua ikija, naitwa. Baba alikuwa ameshachekwa sana kwa kusomesha msichana, na baba mdogo ndiye aliyecheka kuliko wote.

Daktari alikuwa mgeni, Kiswahili hajui. Akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba mama bado hajatoka msituni, akaenda zake. Msitu gani tena? Kila neno nililijua, maana sikuipata.

"Amesema nini?" baba akauliza.

Ningesema sijui. Lakini baba mdogo alikuwa ananitazama, na aibu ikanishinda. Nikasema, "Amesema mama atapona."

Baba akafuta macho. Akanishika bega mbele ya ndugu yake, kisha wakaenda steji kupanda gari, warudi nyumbani kukama ng'ombe. Nami, Mungu anisamehe, nilijisikia mkubwa.

Lakini roho ilikataa kutulia. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akipiga deki wodini maana ya maneno ya daktari. Akaacha kazi.

"Huo ni usemi wao," akasema. "Mama yako bado yuko hatarini. Sasa akihitaji damu, atatoa nani?"

Nilikimbia mpaka kandambili zikakatika. Gari lilikuwa limeshawashwa. Nikagonga dirisha, nikasema abiria wote wakisikia, "Baba, nilidanganya. Sikuelewa."

"Si nilikwambia?" baba mdogo akamwambia baba. Baba akashuka, baba mdogo nyuma yake.

Jioni hiyo mama aliongezwa damu. Ilikuwa ya baba mdogo yule yule.

Mama aliporudi nyumbani, baba aliniita zizini. "Sikukupeleka shule ujue yote," akasema. "Nilikupeleka usiogope kuuliza."

Mwanangu, siku hizi mna simu za kutafsiri kila kitu, na bado nawaona mkiitikia "sawa, sawa" mbele ya wakubwa. Mficha uchi hazai. Usilolielewa, liulize hapo hapo, hata kama wa kukucheka amesimama karibu. Mungu akupe ujasiri wa kusema "sijaelewa" gari likiwa bado steji.