Mpinzani wa Muuza Vitabu

Juzi niliingia kwenye duka la vitabu vikuukuu karibu na soko kuu, maana tangu vita visimamishe meli za Kinshasa, vitabu vipya havitufikii. Mke wa mwenye duka alikuwa akisoma riwaya ya mapenzi ya muuza vitabu na mteja wake. Alicheka peke yake, mkono mdomoni. Mumewe alipanga rafu ileile mara tatu.

"Mama, unacheka nini?" mume aliuliza.

"Huyu papa wa kitabu anafichaka barua ya mapenzi ndani ya dictionnaire, ile kamusi ya kuuzisha. Weye unaniandikiaka tu 'leta sabuni'."

Mume alimpokonya kitabu, akanipa mimi. "Papa, beba. Nakupatia bure."

Mke hakupaza sauti. "Bon. Nitaenda kukimalizia kwa papa huyu, kwake ku nyumba."

Sijafika mlangoni, mume alikichomoa kitabu kwapani mwangu. Akaketi kando ya mkewe, akamrudishia.

"Soma na sauti," alisema polepole. "Nisikie ule bwana anasemaka nini."

Nilitoka mikono mitupu. Yeye wivu ulikuwa umemtoka. Niliondoka nao mimi, maana nyumbani kwangu hakuna anayenisomea hata gazeti hili ninaloliandikia.